Picha Safi Si Hati ya Afya

"Ultrasaundi haijaonyesha kitu, mama. Huna tatizo." Kauli hiyo imewarudisha nyumbani wanawake wengi ambao nyonga zinawalemea kila jioni mpaka watafute pa kujilaza. Wanaondoka na dawa za PID, yaani maambukizi ya nyonga, kwa mara nyingine, na wakifika nyumbani ndugu wanamalizia: ni chango, ndio uzazi huo, vumilia. Naikataa imani hii. Picha safi haithibitishi kwamba mtu haumwi.

Chanzo kimoja cha maumivu hayo ni vena. Vena hurudisha damu kwenye moyo, na vali zilizomo huizuia isishuke tena. Mimba huzitanua mno vena za nyonga, na kwa baadhi ya wanawake vali hazifungi tena sawasawa. Damu hutuama kuzunguka ovari na mfuko wa uzazi, hasa upande wa kushoto. Daktari Mmarekani Howard Taylor aliandika juu ya hali hii mwaka 1949, kwa hiyo si ugonjwa wa jana. Hitilafu ya aina hiyo hiyo huwapata wanaume kwenye korodani, na sijasikia mwanamume akiambiwa avumilie kwa kuwa ni baba.

Tazama sasa kipimo chenyewe. Mama analazwa chali. Akilala, damu inaondoka nyongani, vena zinanywea, na maumivu nayo yanapungua. Tunampima katika mkao unaouficha ugonjwa! Apimwe kwa Doppler, ultrasaundi inayoonyesha mwendo wa damu, akiwa amesimama au amekaza tumbo. Na kabla ya mashine aulizwe: maumivu yanazidi ukisimama sana? Baada ya tendo la ndoa je? Kuna mishipa iliyovimba ukeni, matakoni au nyuma ya mapaja? Maswali hayo hayagharimu hata shilingi.

Sisemi kila maumivu ya nyonga yanatokana na vena. Endometriosisi ipo, maambukizi yapo, na wako wenye vena pana wasioumwa kabisa. Ndiyo maana lazima mtu achunguzwe, asikisiwe.

Tiba nayo ipo. Mtaalamu wa radiolojia hupitisha mrija mwembamba shingoni au kinenani na kuiziba vena mbovu kwa koili, bila kupasua tumbo wala kutoa kizazi. Wataalamu hao bado ni wachache kwetu, ingawa hospitali ya Muhimbili sasa inawafundisha.

Daktari, kabla hujaandika tena antibayotiki, muulize mama huyo anajisikiaje akisimama. Nawe mama, usikubali kuambiwa huna kitu kabla hujaulizwa.