Tutunze mshubiri nyumbani, lakini tusiugeuze zahanati

NI jambo la kawaida siku hizi kwa mkazi wa Nairobi anayepita Barabara ya Ngong au ile ya Limuru kuona, kando ya miche ya parachichi na mawaridi, safu za mikebe yenye mimea ya majani manene yaliyojaa maji. Wauzaji wa miche huiita sakulenti. Baina yake hakosekani mshubiri, ambao wengi wetu tumezoea kuuita alovera. Kabla hata mnunuzi hajatoa pesa mfukoni, huwa ameshahakikishiwa kwamba mmea huo husafisha hewa ya nyumba, kwamba hutibu magonjwa chungu nzima, na kwamba haufi.

Tuanze na hilo la kutokufa, kwa sababu ndilo linalowatia watu hasara mapema. Mshubiri ulionunuliwa Machi ukiwa imara huanza kulegea ifikapo Julai. Majani ya chini hugeuka manjano, kisha huwa laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Ukiuvuta kidogo, shina lote hutoka mkononi na mizizi yake imekuwa uji mweusi. Mwenyewe husema, "Baridi imeuua." Na kabla haujafika hapo, alipoona unadhoofika, alizidi kuumwagilia maji kila asubuhi kama anayemnywesha mgonjwa uji.

Maoni yangu ni kwamba baridi ya Nairobi husingiziwa. Jiji hili liko kimo cha takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 11 za Selsiasi. Hiyo si baridi ya kuua mshubiri. Huko Lesotho kuna jamii ya mshubiri, Aloe polyphylla, ambayo majani yake hujipanga kwa mzunguko kama kombe la konokono, na humea katika milima ambayo hufunikwa na theluji. Milima ya Ulaya nayo ina mimea midogo ya majani manene iitwayo Sempervivum ambayo huzikwa chini ya barafu majira yote ya baridi na kufufuka. Mfalme Charlemagne, yapata mwaka wa 800, aliamuru kila mtunza bustani wake awe na mmea huo juu ya paa la nyumba yake. Watu wa huko waliamini kwamba huzuia radi. Hata hapa kwetu, Aloe kedongensis humea Hell's Gate na viunga vya Naivasha, mahali ambapo mgeni asiyebeba sweta hujuta usiku.

Basi ni nini kinachoua? Ni maji pamoja na baridi. Mimea hii imeumbiwa nchi kame. Mimea mingi hufungua matundu yake ya kupumulia mchana, lakini hii huyafunga jua linapowaka na kuyafungua usiku, ili isipoteze maji. Jani lake ni mtungi wa akiba. Wakati wa baridi na mawingu, kama miezi yetu ya Juni, Julai na Agosti, mmea hupumzika na hunywa kidogo sana. Maji unayoyamwaga hubaki kwenye udongo, udongo haukauki kwa sababu jua halipo, na kuvu huvamia mizizi. Penye baridi kali zaidi kuna hatari nyingine: maji yaliyo ndani ya jani yakiganda hupanuka na kupasua jani kutoka ndani. Ndiyo maana mmea mkavu huvumilia baridi ambayo huumaliza ule ulioshiba maji.

Kwa hivyo yule anayeishi Nairobi na amwagilie mara moja kwa wiki mbili wakati wa joto, na katika msimu wa baridi asubiri hata wiki nne au tano. Usifuate kalenda kwa upofu. Tia kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Ukihisi unyevu, weka birika chini. Majani yakikonda na kujikunja ndani, huo ni kiu, na kiu cha mshubiri huponywa kwa siku mbili. Yakiwa laini na kung'aa kama yamechemshwa, hayo ni maji mengi, na hapo mara nyingi umechelewa. Jani likigeuka jekundu au la kahawia wakati wa baridi, usitie wasiwasi. Ni njia ya mmea kujikinga na litarudi kijani.

Wasomaji wa Limuru, Kinangop na Nyahururu, walio juu ya mita 2,200, wana tatizo ambalo Nairobi hailifahamu sana, nalo ni sakitu, ule umande unaoganda alfajiri. Wengi hudhani sakitu huja Julai. La hasha. Huja zaidi Januari na Februari, mchana ukiwa na jua kali na usiku mbingu ikiwa nyeupe bila wingu, kwa sababu wingu ndilo blanketi linalozuia joto la ardhi kupotea angani. Wakulima wa chai wa Kericho na Nandi hawajasahau Januari ya 2012, wakati sakitu ilipochoma mashamba yao. Alovera ile ya kawaida haivumilii sakitu. Usiku kama huo isogeze chini ya paa au karibu na ukuta wa mawe, kwani ukuta hutunza joto la mchana. Ukikosa nafasi, ifunike kwa gunia au gazeti (hili unalosoma litafaa ukishalimaliza) na uifunue asubuhi.

Sasa chombo na udongo. Hakuna haja ya vyungu vya bei. Kasuku kuukuu, mkebe wa rangi au ndoo iliyopasuka vyote vinatosha, mradi utoboe matundu manne au matano chini kwa msumari uliopashwa moto. Chombo kisicho na tundu ni kaburi. Wakazi wa Embakasi na Athi River wasithubutu kutumia ule udongo mweusi unaonata wa kwao, maana ukilowa hushika maji kama sifongo na ukikauka hupasuka kama saruji mbovu. Chukua udongo mwekundu sehemu moja, na mchanga mkavu wa mto au kokoto ndogo sehemu mbili. Anayeweza kupata yale mawe mepesi ya volkano kutoka Bonde la Ufa amepata bora zaidi. Mbolea ni kijiko tu, tena wakati wa mvua ndefu.

Mmea uwekwe mahali penye mwanga wa kutosha, lakini usitolewe ghafla kutoka sebuleni hadi kwenye jua la saa sita, kwani utaungua kama ngozi ya mtalii. Usogeze kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili. Ukiona wadudu weupe kama pamba kwenye makwapa ya majani, wapanguse kwa pamba iliyochovywa kwenye spiriti ya kusafishia vidonda.

Kuna jambo moja la afya ambalo wauza miche hawalisemi. Ule usahani unaowekwa chini ya mkebe ili maji yasichafue roshani ni kiwanda cha mbu. Mbu aina ya Aedes aegypti, anayeeneza homa ya dengi na chikungunya, hutaga katika maji kidogo yaliyotulia kama hayo, wala hahitaji bwawa. Mombasa ilishambuliwa na dengi mwaka wa 2013, na haikuwa mara ya mwisho. Mwaga maji ya usahani dakika chache baada ya kumwagilia, kisha usugue kingo zake kila wiki kwa sababu mayai hushikilia pembeni. Utakuwa umeokoa mizizi na jirani kwa pamoja.

Kuhusu kusafisha hewa, habari hiyo ilitokana na utafiti uliotolewa mwaka wa 1989 na shirika la anga za juu la Marekani, NASA, ambapo mimea iliwekwa ndani ya visanduku vilivyofungwa na kutiwa kemikali. Nyumba yako si kisanduku. Wanasayansi waliopitia upya tafiti za namna hiyo mwaka wa 2019 walikadiria kwamba ungehitaji kuanzia mimea 10 hadi 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ili kushinda kazi inayofanywa na hewa inayopita dirishani. Anayepikia jiko la makaa ndani ya chumba kimoja asidanganywe kwamba mkebe wa alovera utamkinga. Afungue dirisha.

Tuje kwenye tiba, ambako ndiko roho za watu zinakochezewa.

Mshubiri ni mmea wa heshima. Wakamba huuita kiluma, Wajaluo ogaka, Wamaasai osukuroi, na kila jamii ina matumizi yake. Alovera yenyewe asili yake ni Bara Arabu, na utomvu wa jamaa yake kutoka kisiwa cha Socotra uliuzwa katika Bahari ya Hindi tangu zamani. Neno letu shubiri limetoka kwa Waarabu, na Mswahili akitaka kusema kitu ni kichungu mno husema ni kichungu kama shubiri. Akina mama wamekuwa wakijipaka shubiri kwenye matiti ili kumwachisha mtoto ziwa. Watoto hao walielewa jambo ambalo watu wazima wa leo wanalipuuza: uchungu ule ni onyo.

Jani la mshubiri lina vitu viwili tofauti. Chini ya ganda kuna utomvu wa manjano, mchungu, wenye kemikali iitwayo aloini. Ndani kabisa kuna ute mweupe unaopenyeza mwanga. Utomvu wa manjano ni dawa kali ya kuharisha. Huleta msokoto wa tumbo, humaliza maji mwilini na hupunguza madini ya potasiamu ambayo moyo huyahitaji. Mwaka wa 2002, serikali ya Marekani iliuondoa katika dawa za kuharisha zinazouzwa bila cheti cha daktari kwa sababu watengenezaji hawakutoa ushahidi wa kutosha wa usalama wake. Baadaye shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka dondoo la jani zima la alovera katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu, baada ya panya walionyweshwa kwa miaka miwili kupata uvimbe kwenye utumbo mkubwa. Panya si mtu, nakubali. Lakini wapo watu mitaani wanaosaga jani zima, ganda na yote, na kunywa gilasi kila alfajiri kwa miaka.

Mwenye mimba asinywe. Mwenye maradhi ya figo asinywe. Anayetumia dawa za moyo, za kupunguza maji mwilini au za kisukari asiongeze alovera bila kumweleza daktari, kwani anaweza kushusha sukari au potasiamu kupita kiasi. Na yule anayeacha vidonge vya kliniki kwa sababu ameuziwa chupa ya kijani kwenye matatu, hana tofauti na anayeng'oa msingi wa nyumba ili apake rangi ukuta. Kuku wetu tunawanywesha maji ya mshubiri tukitumaini watapona kideri, na kila mfugaji anajua ni wangapi huamka hai. Kwa kinga ya kideri, chanjo ipo.

Matumizi ninayoyatetea ni ya ngozi. Ukiungua kidogo jikoni, kwanza weka mahali pale chini ya maji ya mfereji kwa dakika 20. Kisha kata jani, lisimamishe kwa robo saa utomvu wa manjano utiririke, lioshe, lichune ganda na upake ule ute mweupe. Kidonda kirefu, cha uso, au cha mtoto mdogo ni cha hospitali.

Tahadhari nyingine ni kwa wasiotofautisha mimea. Mmea wa majani manene au wa miiba ukivunjwa na kutoa maziwa meupe, si mshubiri. Huenda ni jamii ya mtupa, ambayo tunaipanda uani kama ua, na maziwa yake yakiingia jichoni huleta maumivu makali na yanaweza kudhuru macho. Osha jicho kwa maji safi mengi kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua. Usitie maziwa ya mama wala chochote kingine. Kalanchoe nayo, ile ya maua mekundu na manjano inayopendwa kwenye madirisha, ina sumu ya moyo ambayo huua mifugo. Iwekwe mbali na watoto wanaotambaa.

Na tafadhali, usisimamishe gari Baringo au Laikipia ukang'oa mshubiri wa porini. Uvunaji huo ulipigwa marufuku na amri ya rais mwaka wa 1986, na kanuni za mwaka wa 2007 ziliruhusu biashara kwa masharti tu. Biashara ya kimataifa ya jamii zote za mshubiri isipokuwa alovera yenyewe hudhibitiwa kwa mkataba. Hakuna sababu ya kuiba porini kitu ambacho jirani yako anacho cha ziada. Mshubiri mmoja ulioshiba jua huzaa vichipukizi kando ya shina. Subiri hadi Septemba, baridi ikishaondoka, ukikate kimoja chenye urefu wa kiganja, ukilaze kivulini siku nne au tano hadi jeraha likauke, kisha ukipande katika udongo mkavu. Maji ya kwanza ukipe baada ya wiki moja.