Gereji bubu? Bubu nani?

Kuna neno linanikera: "gereji bubu". Afisa akilisema mkutanini, sisi waandishi tunalibeba hivyo hivyo hadi ukurasa wa mbele. Hakuna anayeuliza, bubu kivipi?

Twende Ngara na Biharamulo. Mgeni akifika huko anapelekwa kuona mitambo ya Rusumo, megawati 80 tunazogawana na Rwanda na Burundi. Sawa, ni kitu kikubwa. Lakini nenda Kabanga, Benaco, au Nyakanazi pale barabara zinapokutana, utafute kijiwe cha bodaboda. Hakikosi fundi chini ya mti.

Niliyemkuta mimi alikuwa na CDI mkononi, kile kiboksi cheusi cha pikipiki kilichojazwa gundi ngumu ili mtu asikifungue. Kikifa, mwenye duka anakwambia tupa, nunua kingine. Jamaa anaikwangua ile gundi taratibu, anaikuta kondensa iliyokufa, anaweka nyingine aliyoitoa kwenye runinga mbovu. Kisha anapima kwa mtambo wake mwenyewe: betri ya volti 12, rilei ya honi aliyoiunga ijikate na kujiunga yenyewe, koili ya pikipiki, na plagi iliyolazwa juu ya chuma. Tatatata! Cheche ya bluu. "Ikiwa nyekundu, koili imechoka," akasema.

Wadau, mnajua kilichotokea pale? Kila rilei inapokata, usumaku ndani ya koili unaporomoka ghafla. Waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara unapokea kishindo hicho, na volti 12 zinazaa volti elfu kumi na zaidi. Haichemshi chai, lakini inawasha injini. Padri Nicholas Callan wa Ireland alitengeneza koili ya namna hiyo mwaka 1836. Charles Kettering, aliyebuni mfumo wa platini na koili uliowekwa kwenye Cadillac za mwaka 1910, alifanyia kazi yake bandani huko Dayton, Ohio. Bandani! Angekuwa Biharamulo tungemwandika "fundi asiyerasimishwa".

Sasa sikia hili. Huyo fundi ana F ya Fizikia.

Mada ya usumaku na umeme imo kwenye Fizikia ya kidato cha nne, koili na yote. Aliisoma kwa Kiingereza, ubaoni, kwenye shule isiyo na koili hata moja. Leo anaieleza kwa Kiswahili safi, akitumia mfano wa maji yaliyozuiwa bombani na kufunguliwa ghafla, na dereva wa bodaboda aliyeishia darasa la saba anaelewa. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ilikifungulia Kiswahili mlango, na sekondari bado tunafundisha kwa Kiingereza. Halafu tunashangaa watoto wanakariri.

Najua mtakaloniambia: ni hatari. Ndiyo, ni hatari! Nimemwona akipima cheche hatua mbili kutoka kwenye dumu la petroli. Kondensa ya CDI hubeba volti mia mbili, mia tatu, na inaweza kukupiga hata pikipiki ikiwa imezimwa. Yeye hujua hivyo kwa sababu imeshampiga. Lakini hatari hiyo inaondolewa na nani? Mgambo anayekuja kumvunjia kibanda hamfundishi kuunganisha kizuizi cha kumwaga chaji kabla hajagusa. Anahamia mti mwingine, na dumu lake.

Na hao wanaomwita bubu, pikipiki zao zikizima njiani kwenda kukagua miradi, wanazisukuma mpaka wapi?

Kutoka kwenye mti ule hadi sekondari ya kata ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Nilimuuliza kama kuna mwalimu wa Fizikia aliyewahi kuja na wanafunzi. Akasema mmoja huja. Huja kutengenezewa pikipiki.