Lenzi Ndefu Isikutie Hasara

Siku hizi baadhi ya vijana wetu wamezirudia kamera za filamu, nao hunijia na swali lile lile: mtu mwenye pesa kidogo anunue lenzi gani kuukuu ya kuvuta vitu vya mbali? Wengi hununa nikiwaambia kwamba ile wanayoitamani ndiyo isiyowafaa.

Kamera ninazozisema ni zile za renjifainda, mfano wa Leica na Zorki. Hapo mtu hatazami kupitia lenzi. Hutazama kwenye kidirisha cha pembeni, akizungusha lenzi mpaka taswira mbili anazoziona zikutane ziwe moja. Lenzi nayo husukuma kikono kidogo kilichomo ndani ya kamera, na kikono hicho ndicho kinachopima masafa. Sasa, ukifunga lenzi ndefu, kidirisha hakikuzi kitu. Uso unabaki mdogo vile vile, na kosa dogo ambalo kwa lenzi ya milimita 50 lisingejulikana, hujitokeza waziwazi katika picha.

Mimi nilijifunza hayo kwa uchungu. Nilinunua lenzi ya milimita 85 yenye tundu la 2, nikaisifu kwa kila mtu, nikaenda nayo nyumbani kumpiga picha nyanya yangu akichambua mboga mlangoni. Filamu iliposafishwa, sikio lilikuwa wazi na nyuzi za leso yake ungeweza kuzihesabu, lakini macho yalikuwa ukungu mtupu. Katika picha 36, zenye macho zilikuwa mbili. Nyanya hayupo tena, na nyingine sina.

Hesabu yenyewe ni hii: kwa lenzi kama hiyo, tundu likiwa wazi kabisa na mtu akiwa umbali wa mita moja na nusu, sehemu inayotokea sawasawa haizidi sana sentimita 4. Kutoka jicho hadi sikio ni zaidi ya hapo.

Kwa hiyo nasema, na wanaopenda kujionyesha wanisamehe, nunua milimita 90 yenye tundu la 4. Leitz Elmar ya zamani inatosha kabisa, au Canon ya milimita 100 yenye tundu la 3.5. Bei zake ni nafuu kwa kuwa wakusanyaji hukimbilia lenzi zenye matundu makubwa. Milimita 135 mwachie mwenye Leica M3, iliyotoka mwaka 1954, ambayo kidirisha chake huonyesha vitu karibu na ukubwa wao halisi na kina fremu ya lenzi hiyo. Mwenye Zorki 4 atalazimika kununua kidirisha kingine cha kuweka juu ya kamera, na hapo unafuu umekwisha.

Jupiter za Urusi je? Jupiter-9 iliigwa kutoka Sonnar ya Zeiss, na kioo chake ni kizuri. Ila vipimo vyake vya masafa vilifuata kamera ya Contax. Kwenye Zorki huenda usione tatizo. Ukiifunga kwenye Leica, ijaribu kwanza kabla hujalipa.

Wala jina lisikutishe. Mwaka 1950 David Douglas Duncan, mpiga picha wa jarida la Life, alizikuta lenzi za Nikkor huko Japani, wakati ambapo nje ya nchi hiyo ni wachache waliozijua. Alizifunga kwenye Leica zake akaenda nazo kwenye vita vya Korea, na picha zake zikawanyamazisha waliokuwa wakizidharau bidhaa za Kijapani.

Unapoenda kununua, chukua tochi. Mulika kupitia nyuma ya lenzi: ukiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu, ugonjwa tunaoujua sana sisi tulio karibu na Pwani, na muuzaji akikuambia itafutika kwa kitambaa, mwache na lenzi yake. Kisha panga viberiti vitano kwa mshazari, lenga cha katikati, tundu likiwa wazi kabisa, na usafishe filamu hiyo kabla hujampiga picha mtu unayempenda.

Mkwaruzo mdogo kwenye kioo cha mbele ni jambo jingine. Elmar yangu inao, na ndio ulioshusha bei. Mpaka leo sijauona katika picha, ila ninapoelekea jua.