Unga ukikamatwa, teja anabaki na nani?

DESEMBA 2023, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini katika mikoa ya Dar es Salaam na Iringa. Wananchi walistahili kufurahi. Hata hivyo, taarifa za namna hii huacha swali moja bila jibu: unga ukishakamatwa, aliyekwisha kuuzoea anakwenda wapi?

Kwa miaka mingi heroini ya Afghanistan imekuwa ikisafirishwa kwa majahazi kutoka pwani za Iran na Pakistan hadi Afrika Mashariki, kisha kupelekwa Ulaya. Aprili 2014, manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata zaidi ya tani moja ya heroini baharini, mashariki ya Mombasa. Shehena inayopita haipiti yote. Sehemu yake hubaki na kuuzwa kwa kete katika vijiwe vya miji yetu.

Awali vijana wengi waliivuta, mara nyingi wakiichanganya na bangi katika msokoto uitwao kokteli. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilipoingia heroini nyeupe, inayoyeyuka kwa urahisi katika maji, sindano ikashika kasi, na pamoja nayo Virusi vya Ukimwi na homa ya ini. Katikati ya miaka ya 2000, watafiti waliripoti jambo la kutisha jijini Dar es Salaam: wanawake waliokosa fedha walijidunga damu ya mwenzao aliyetoka kujidunga heroini, wakitumaini kupunguza arosto.

Anayemwona teja kuwa mhuni tu haijui arosto. Saa chache baada ya dozi ya mwisho, mwili huuma, jasho humtoka, hutapika, huharisha na usingizi humkimbia. Hapo ndipo anapoiba sufuria ya mama yake. Kipigo hakiondoi hali hiyo, wala mahabusu haiiponyi.

Tiba ipo. Februari 2011, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianzisha huduma ya methadoni, ikafuatiwa na Mwananyamala, Temeke na mikoa mingine. Dawa hiyo hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu. Hutuliza arosto bila kuleta ulevi wa heroini, na mtu hupata utulivu wa kufanya kazi na kurudi kwa familia yake.

Tatizo ni hiyo "kila siku". Asiye na kazi atatoa wapi nauli ya daladala asubuhi zote hizo, kwa miezi na hata miaka? Na anayeishi wilaya isiyo na kliniki afanye nini? Akikatiza dozi, kijiwe kinamngoja.

Sheria ya mwaka 2015 imeweka adhabu kali, ikiwamo kifungo cha maisha, kwa wafanyabiashara wa dawa hizi, na ni haki. Lakini kukamata shehena bila kupanua tiba ni kufanya nusu ya kazi. Bei ikipanda mitaani, mgonjwa haachi. Huchangia sindano au hugeukia vidonge.

Kwa hiyo, kila shehena inapotangazwa, wananchi tuulize pia: ni kliniki ngapi mpya zimefunguliwa, na ni vijana wangapi wamepata kazi baada ya tiba? Ushindi wa kweli utahesabiwa kwa watu waliorejea nyumbani, si kwa kilo peke yake.