MNAMCHEKA STAA KWA ZIRO YAKE? HAYA, ILIPIMWA KWA RULA IPI?

Wiki hii huko mitandaoni hakulaliki. Kuna msanii mmoja wa kike, jina kapuni ila wengi mshamjua, mtu kaibuka na skrinshoti anayodai ni ya matokeo yake ya kidato cha nne. Ziro. Basi ghafla kila mtu kageuka mwalimu mkuu. "Ndiyo maana Kiingereza chake kile." "Ndiyo maana meneja anamla hela." Emoji za kucheka mpaka simu inastaki.

Iwe ya kweli, iwe ya kutengeneza, hiyo siyo stori yangu. Kilichonifanya niandike ni mwaka ulio kwenye ile skrinshoti: 2012.

Watoto wa juzi hamjui, ngoja niwape. Matokeo ya mtihani wa 2012 yalipotoka Februari 2013, nchi ilitikisika. Watahiniwa zaidi ya 240,000 walipata ziro, yaani karibu sita katika kila kumi. Wazazi wakalia, wabunge wakawaka, Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, akaunda tume. Mwezi Mei serikali ikayafuta matokeo, yakapangwa upya, na ufaulu ukapanda kutoka asilimia 34 na ushee hadi 43.

Sasa nisikilize vizuri. Mtihani ulikuwa ule ule. Majibu yalikuwa yale yale. Hakuna aliyerudi darasani hata siku moja. Kilichobadilika ni jinsi ya kupanga alama tu, na maelfu ya watu walioitwa ziro Februari wakaitwa wamefaulu Mei. Kama ziro ilikuwa ndani ya vichwa vyao, ilitokaje bila wao kujua?

Halafu haikuishia hapo. Mwishoni mwa Oktoba 2013, wanafunzi wanakaribia kabisa kuingia chumba cha mtihani, yakatangazwa madaraja mapya. A ikaanza 75, ikaja B+ ya 60, B ya 50, C ya 40, D ya 30, na E ya 20. Mwaka 2014 divisheni zikawekwa pembeni, ikaletwa GPA na majina yake ya Distinction, Merit na Credit. Matokeo ya 2015 yalipotoka mwaka 2016, tukarudi kwenye divisheni. Sasa hivi A ni 75 kwenda juu, B inaanzia 65, C 45, D 30, chini ya hapo ni F.

Chukua mtu mwenye 42 ya Kiswahili. Mwaka 2013 huyo ana C. Leo ana D. Na hiyo siyo tofauti ya kupuuza, maana ni C tatu ndizo zinazokupa nafasi ya kwenda kidato cha tano. Mwenye 62 alikuwa na B+, leo ana C. Halafu hao wote wanakutana kwenye foleni moja ya ajira, kila mmoja na bahasha yake ya kaki, na HR anawalinganisha kama vile wamepimwa na fundi mmoja.

Nije kwenye hii divisheni yenyewe, maana hapa mimi nina uchungu wangu. Wanachukua masomo yako saba uliyofanya vizuri. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Wanajumlisha. Saba mpaka 17 ni Wani, 18 mpaka 21 Tuu, 22 mpaka 25 Thrii, 26 mpaka 33 Foo, 34 na 35 ziro.

Mimi nilipata B ya Kiswahili, C ya Historia, C ya Uraia, D ya Kiingereza, na F tatu: Hesabu, Baiolojia na Jiografia. Jumla pointi 27. Foo. Rafiki yangu tuliyekaa dawati moja alipata D saba, pointi 28. Foo. Kwenye karatasi mimi na yeye ni mapacha, wakati hakuna somo hata moja kati ya hayo saba ambalo tulifanana, ukiacha Kiingereza.

Niliwahi kuomba kazi ya kuandika matangazo kwenye ofisi moja hapa mjini. Kazi ya Kiswahili! Dada aliyepokea bahasha alifungua cheti, akatafuta divisheni, akasema "tunaanzia Thrii", akanirudishia. B yangu hata hakuiona. Kwa hiyo Hesabu, somo ambalo kila mwaka linaburuza mkia nchi nzima, ndilo liliamua kama naweza kuandika tangazo la sabuni.

Najua mtakavyosema. "Huyu anataka elimu ishushwe ili na yeye aonekane kafaulu." Hapana. F zangu ziacheni pale pale, nilizipata kwa mkono wangu. Ninachokataa ni kuchukua vitu saba tofauti, kuvikoroga kwenye sufuria moja, halafu mtu anapewa namba moja ya kutembea nayo maisha yake yote. Na kama hofu ni waajiri kukosa pa kuchujia, waseme wanataka somo gani. Unatafuta mhasibu, angalia Hesabu. Unatafuta mwandishi, angalia lugha.

Na siyo ndoto. Majirani zetu Uganda, matokeo yao ya kidato cha nne ya 2024, yaliyotoka Februari 2025, hayakuwa na daraja la jumla. Kila somo na herufi yake, A mpaka E, na kazi za shuleni zimehesabiwa asilimia 20. Hata sisi, Januari 2023 NECTA waliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora. Watu walipiga kelele wiki moja, shule zikaendelea kufunguliwa kama kawaida.

Kwa hiyo ombi langu kwa wakubwa ni mawili tu. Moja, toeni divisheni kwenye cheti, wekeni somo na alama zake kabisa. Kama ni 42 iandikwe 42, ili hata mkibadilisha herufi kesho, mwenye cheti cha jana asipotee. Pili, mkitaka kubadilisha rula, mwambieni mtoto akiwa anaingia kidato cha kwanza. Siyo siku anachonga penseli ya mtihani.

Na nyie wadau, kabla hujaposti ziro ya mtu, muulize kwanza ni ya mwaka gani. Halafu njoo hapo chini kwenye komenti, usiniandikie divisheni yako. Niandikie somo moja ulilokuwa unalijua kweli kweli, na kama kuna mtu yeyote aliwahi kukuuliza habari zake tangu umalize shule.