Mko Wawili, Lakini Ndoto ni ya Nani?

Mwezi huu tuache kidogo habari za vikao vya harusi, twende Ujerumani, kwenye barafu. Ndiyo, barafu! Najua wengi wetu tunaijua ile ya kupozea soda, lakini vumilia, kuna somo humo kwa yeyote mwenye mwenza na kazi.

Upo mchezo wa kuteleza kwenye barafu wawili wawili, mwanamume na mwanamke, wakivaa viatu vyenye chuma chembamba chini. Mwanamume anamnyanyua mwenzake juu ya kichwa huku anateleza, au anamrusha hewani, azunguke mara tatu na kutua kwa mguu mmoja. Si mchezo! Bila kuaminiana, mtu anaumia.

Mwaka 2003 Aljona Savchenko, binti wa Ukraine, alihamia mji wa Chemnitz, Ujerumani, akaanza kuteleza na Robin Szolkowy. Jina lisikudanganye: mama yake Robin ni Mjerumani, baba yake ni Mtanzania. Hawa wawili hawakuwa wapenzi, walikuwa wenza wa kazi, na kazi waliiweza. Walitwaa ubingwa wa dunia mara 5: 2008, 2009, 2011, 2012 na 2014.

Kilichowakwepa ni dhahabu ya Olimpiki. Vancouver 2010 walipata shaba. Sochi 2014 wote wawili walianguka siku ya mwisho, wakapata shaba tena. Mwezi uliofuata wakachukua ule ubingwa wa tano wa dunia, kisha Robin akatundika viatu. Alikuwa na miaka 34. Aljona alikuwa na 30, na bado aliitaka ile dhahabu.

Hebu tusimame hapo. Ingekuwa wewe ungesemaje? Wengi tungeanza: "Yaani unaniacha njiani? Miaka yote hii?" Lakini tuseme ukweli. Robin alikuwa ametoa zaidi ya miaka 10. Kuchoka si usaliti. Na Aljona kutaka zaidi hakukuwa tamaa.

Aljona akaanza upya na Mfaransa, Bruno Massot. Haikuwa rahisi. Ilibidi kwanza wasubiri Ufaransa imruhusu Bruno kushindana kwa ajili ya Ujerumani, halafu uraia nao ukawa kibarua. Pyeongchang 2018, Bruno akakosea mruko siku ya kwanza, wakawa nafasi ya 4. Kesho yake wakateleza vizuri mno, wakashinda dhahabu kwa tofauti ya pointi 0.43 tu. Siku hiyo Aljona alikuwa na miaka 34, umri uleule ambao Robin alistaafu. Robin naye hakukaa bure: aligeukia ukocha, akaifundisha jozi ya Urusi, Tarasova na Morozov, iliyomaliza ya 4 Pyeongchang.

Umri mmoja, majira mawili. Hicho ndicho kinachonigusa.

Sasa wewe na mwenzako. Sisemi mkibadilishane kama wachezaji, ndoa siyo uwanja wa barafu! Ninachosema ni kwamba kuwa pamoja hakumaanishi mtachoka siku moja wala kutamani kitu kimoja. Mke anataka shahada ya pili, mume anataka wamalize nyumba kwanza. Mume anataka kuacha kazi afungue biashara, mke amechoka kuishi kwa kubahatisha. Hapo hakuna mbaya. Ubaya unaanza pale mmoja anapobeba ndoto ya mwenzake kimyakimya, anatabasamu mbele za watu, moyoni anahesabu deni.

Kwa mtazamo wangu, heshima kubwa katika mapenzi ni kusema mapema: hii ni ndoto yetu, ile ni yangu, na hapa nimefika mwisho wa nguvu zangu. Mwenzako atajua aweke mikono wapi ili usianguke.

Wiki hii zimeni runinga, ulizaneni swali moja: kati ya yote tunayoyakimbilia, lipi ni lako, lipi ni langu? Halafu kila mmoja amsikilize mwenzake bila kumkatisha.

Tukutane mwezi ujao!