Mashine na Kina Kinachotarajiwa

Baadhi ya washairi wenzangu hudai kwamba mashine ikiweza kukamilisha ubeti, basi imekwisha kuujua ushairi. Nathubutu kupinga, na hoja yangu naichota katika kanuni zile zile zilizoigwa kutoka kwenye ubongo.

Mwaka 1949 Donald Hebb, mwanasaikolojia wa Kanada, alipendekeza kwamba seli ya neva ikishiriki mara kwa mara kuiamsha nyingine, kiungo baina yao huimarika. Sisi jambo hilo twalijua kwa masikio: katika utenzi, kina cha kipande cha nne hurudi ubeti baada ya ubeti, hata msikilizaji akakitarajia kabla mghani hajakitamka. John Hopfield wa Marekani aliitumia kanuni ya namna hiyo mwaka 1982 katika mtandao wa nyuroni za kihesabu. Ukipewa ruwaza iliyochakaa, kila nyuroni huzisikiliza nyingine na kubadili hali yake, mpaka ruwaza nzima irejee. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2024, pamoja na Geoffrey Hinton.

Lakini mtandao wa nyuroni 100 hukumbuka ruwaza zipatazo 14 tu, zikizidi, huvurugika. Zinazofanana huchanganyika mapema zaidi. Tena huzuka ruwaza za uongo, mseto wa zile za kweli, ambazo hakuna aliyeufundisha, nao hutulia juu yake kama umekumbuka sawasawa. Aliyehifadhi tenzi mbili zenye kina kimoja cha bahari anaujua mtego huo!

Kanuni ya Hebb huimarisha kinachorudiwa, kiwe sahihi kiwe kombo. Frank Rosenblatt, aliyeitangaza perseptroni mwaka 1958, alifuata njia iliyo karibu zaidi na kazi ya ualimu: viungo hurekebishwa mashine inapokosea jibu. Mashine za leo zinazotunga beti nazo hujifunza kwa kusahihishwa, ila msahihishaji wao wa kwanza ni maandishi yaliyokusanywa. Kipande cha utenzi chenye mizani 7, kikinakiliwa tovuti hadi tovuti, kwao ndicho jibu sahihi.

Kwa hiyo sioni faida ya kuibeza mashine kwa vina vyake vibovu ilhali tunaiachia nakala zilizochapwa ovyo. Miswada iliyohakikiwa ipo. Wengi wetu tumeifungia makabatini.